Mstari mmoja wa wasifu: Freretown, Kengeleni au Kisauni?

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: "Marehemu alizaliwa Free Town, Mombasa." Uliandikwa na mjukuu wake anayefanya kazi Nairobi, katika rasimu ya kijitabu cha mazishi iliyowekwa kwenye kundi la WhatsApp la familia usiku wa Jumatano. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Kufikia Alhamisi adhuhuri mstari ule ulikuwa umesahihishwa na kusahihishwa tena, kila msahihishaji na yakini yake, na mpiga chapa anangoja. Hawakugombania urithi, wala nani atasoma risala. Waligombania jina la mahali ambapo nusu ya watu wa kundi lile walizaliwa.

Katibu wa kamati ya mazishi alinipigia kwa kuwa anajua nakusanya majina ya mahali ya Mombasa. Alitaka jibu la haraka: lipi ni sahihi? Nikamwomba kwanza anitumie mazungumzo yote, maandishi na sauti. Familia imeridhia niyaeleze hapa mradi nisimtaje mtu. Nimekubali kwa furaha, maana ni nadra kisa kidogo hivi kubeba karibu kila suala linalosumbua elimu ya majina ya mahali, ile ambayo wataalamu huiita toponimia.

Majina yaliyogombaniwa yalikuwa manne, na la tano likaingia kwa mlango wa uani.

Mjukuu aliandika Free Town. Mwana wa kwanza wa marehemu, aliyeshika makaratasi, alitaka Kisauni, kwa sababu nyuma ya kitambulisho cha mamake tarafa ni Kisauni na hakutaka kijitabu kipingane na hati za serikali. Kitinda mimba, aliyepewa kazi ya usafiri, alitaka Kengeleni: "Wageni wa bara wakiambiwa Freretown watafika vipi? Makanga mwenyewe hapaiti hivyo." Mama mdogo, ndugu pekee wa kike wa marehemu aliyebaki hai, hakuandika, alituma sauti. Nainakili jinsi alivyosema: "Wanangu, sisi hatukuzaliwa Kengeleni. Kengeleni ni pa kushukia gari. Kwetu ni Freretown." Na mjomba, mwalimu mstaafu, akamtetea mjukuu: "Mwacheni mtoto. Free Town ndiyo maana yake. Pale palikuwa mji wa watu walioachwa huru."

Jina la tano lilikuwa Nyali. Hakuna aliyelipendekeza. Kitinda mimba alipotuma alama ya mahali kutoka kwenye ramani ya simu, simu ikaandika Nyali yenyewe, na binamu mmoja akauliza kwa mzaha tangu lini ukoo umekuwa tajiri.

Nianze na Kisauni, kwa kuwa ndilo kongwe kati ya haya. Wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS walipokuja kutafuta ardhi ng'ambo ya kisiwa, upande wa kaskazini, walipata mahali penye jina tayari, na jina lenyewe lilikuwa Kisauni. Kwa hiyo mwana wa kwanza hakukosea kihistoria. Ila jina hili limepanuka mno tangu wakati ule. Lilikuja kuwa jina la tarafa nzima katika wilaya ya Mombasa, kisha jina la eneo bunge. Halafu mipaka ikakatwa upya kabla ya uchaguzi wa 2013, likazaliwa eneo bunge la Nyali, na wadi ya Frere Town ikawekwa humo pamoja na Kongowea, Mkomani, Ziwa la Ng'ombe na Kadzandani. Kisauni ya bunge ikabaki na akina Junda, Mtopanga, Bamburi na Shanzu. Yaani mtu aliyelala Kisauni miaka yote ya maisha yake aliamka Nyali bila kuhamisha hata kiti. Kitambulisho cha marehemu kilisema Kisauni, lakini kura yake ya mwisho ilipigwa Nyali. Ndiyo sababu simu nayo ilisema Nyali, na sababu nyingine ni wenye nyumba za kupangisha, ambao wamekuwa wakilivuta jina la Nyali barabarani hatua kwa hatua, kwani kodi hupanda nalo. Jina la utawala ni la kuandikia fomu. Halina thamani zaidi ya hiyo, na katika wasifu wa mtu aliyeishi zaidi ya miaka themanini halitoshi.

Sasa Freretown. Hapa nitakawia kidogo.

Sir Bartle Frere alikuwa Gavana wa Bombay kati ya 1862 na 1867. Mnamo 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Zanzibar kumshawishi Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa. Hakufaulu, aliondoka mkono mtupu, na mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873, kwa kazi ya balozi John Kirk na tishio la manowari. Lakini Frere alikuwa amependekeza kwamba watu watakaonaswa kutoka kwenye majahazi ya watumwa wapewe makazi pwani ya Afrika Mashariki badala ya kupelekwa mbali. Mnamo 1875 mmisionari William Salter Price alianzisha makazi hayo Kisauni kwa niaba ya CMS, akayapa jina la Frere. Price mwenyewe alikuwa ametokea India, ambako aliwahi kusimamia makao ya Waafrika waliokombolewa karibu na mji wa Nasik. Baadhi ya watu wa Nasik walikuja naye au wakamfuata: mafundi, walimu, makatekista, watu waliotekwa wakiwa watoto, wakavushwa bahari, wakafundishwa Kiingereza na useremala, kisha wakarudishwa bara la Afrika lakini si kwao. Manowari za Waingereza nazo zikaanza kushusha watu waliotolewa majahazini, wengi wao Wayao, Wamakua na Wanyasa.

Frere yule hakuishi pale hata siku moja. Kutoka kwetu alikwenda Afrika Kusini, na huko, mnamo 1879, ni yeye aliyesukuma vita dhidi ya Wazulu. Sijui kama mama mdogo analifahamu hilo, na nadhani lisingembadili chochote. Kikao cha Umoja wa Mataifa kuhusu majina ya kijiografia, kilichokaa Berlin mnamo 2002, kilishauri nchi zisiwe zikiwapa watu walio hai heshima ya kuitiwa mahali. Frere alikuwa hai wakati Price anampa Kisauni, alifariki 1884. Kwa vipimo vya wataalamu, basi, Freretown ni mfano wa jina baya: limetoka juu, limetoka nje, ni la mtu aliye hai, na limewekwa juu ya mahali palipokuwa na jina lake.

Na bado limedumu. Swali la maana katika kisa hiki ni hili: kwa nini?

Mombasa imejaa majina ya kumtukuza mtu yaliyokufa mara mwenye nguvu alipoondoka, au aliyemfuata alipotaka lake. Barabara ya Salim imekuwa Digo Road. Freretown haikuguswa, na si kwa sababu kuna aliyekuwa akiilinda. Imedumu kwa sababu kulikuwa na watu waliolichukua jina lile wakalifanya la ukoo.

Fikiria hali ya mtu aliyeshushwa pale 1875. Mombasa ya wakati huo ilikuwa na utaratibu wake wa kumjua mtu. Mswahili wa mjini ni wa taifa fulani katika yale Thenashara, mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa: Wakilindini, Wachangamwe, Watangana kwa upande mmoja, Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza na wenzao kwa upande wa pili. Mrabai au Mduruma ana kaya yake, kijiji cha asili cha mababu. Angalia hayo majina ya mataifa: karibu yote ni majina ya mahali yaliyogeuka kuwa majina ya watu. Wakilindini walihama mji wao wa Kilindini upande wa magharibi wa kisiwa wakaingia Mvita, na jina wakahama nalo. Wapate na Wafaza waliacha visiwa vya kaskazini lakini hawakuacha majina. Hapa Mombasa ukiulizwa kwenu wapi, unaulizwa wewe ni wa nani. Aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa akiwa na umri wa miaka sita, akapitia kwa wamiliki kadhaa, angejibu nini? Hana taifa, hana kaya, pengine hata jina la kijiji cha mamake limefutika. Majirani waliwaita Wamisheni. Jina pekee la mahali walilokuwa nalo, la kuweza kusema "kwetu" bila ya mtu kucheka, lilikuwa hili la Mwingereza ambaye hawakupata kumjua.

Kuna mtu mmoja anayeonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu. Matthew Wellington alizaliwa Myao, akaitwa Chengwimbe. Alitekwa, akauzwa, akaokolewa na manowari ya Kiingereza, akapelekwa Nasik na kupewa jina la Kiingereza. Alikuwa mmoja wa waliobeba maiti ya David Livingstone kutoka bara hadi pwani. Baadaye alikuja Freretown, akamalizia maisha yake Mombasa, akafa 1935. Jina la mtu na jina la mahali alipewa na wengine yote mawili, na yote mawili akayavaa mpaka yakamkaa. Wajukuu wa watu wa aina yake hawasemi "Frere" wakimaanisha Frere. Wanamaanisha bibi na babu zao, kanisa la Emmanuel, shule, waliobatizwa pamoja.

Ndiyo maana nilimwambia katibu kwamba mama mdogo hakuwa akisahihisha tahajia. Alikuwa akijibu swali tofauti na lile ambalo watoto wake walikuwa wakijibu.

Nifafanue, maana hapa ndipo ugomvi wote ulipofunguka. Kiswahili cha Mombasa kina maswali kadhaa ya mahali, na kila swali huita jina lake. *Kwenu wapi?* Freretown. *Washuka wapi?* Kengeleni. *Tarafa gani?* Kisauni. *Mbunge wako nani?* Wa Nyali. Mtu yule yule, akiwa amesimama pale pale, atatoa majibu manne asubuhi moja na asiseme uongo hata mara moja. Kundi la WhatsApp liliingia matatani kwa sababu kijitabu cha mazishi kinajibu maswali haya yote katika kurasa chache: kuna wasifu, kuna ratiba, kuna maelekezo ya njia, kuna shukrani kwa viongozi. Kila mtu alilitazama jina kutoka ukurasa wake.

Kengeleni, basi, si jina la chini. Nililazimika kulisema hili kwa sababu kwenye sauti ya mama mdogo kulikuwa na dharau kidogo, na kitinda mimba aliumia. Kengele yenyewe ipo, kwenye mnara wake kando ya barabara ya Malindi. Iliwekwa na misheni ili igongwe wakati wa hatari, watu wajue wavamizi wanaotafuta watumwa wanakuja. Hatari haikuwa ya kubuni. Wenye mashamba ya pwani walilalamika kwamba misheni inawahifadhi watoro wao, na kuna nyakati walitishia kuivamia. Aliyekaa ndani ya makazi aliisikia kengele ikimwamrisha: amka, kazini, ibada, hatari. Aliyekaa nje, Kongowea au mashambani, aliisikia kama alama ya mahali: kule kwenye kengele. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyotaja mahali tangu jadi, kwa kushika kitu kinachoonekana au kusikika na kukitia -ni mwishoni. Kilindini ni penye kilindi, maji ya kina. Ngomeni ni kwenye ngome ya Wareno, iliyoanzwa kujengwa 1593 na ambayo ramani zinaiita kwa jina la Yesu. Likoni ni penye liko, pa kushukia vyombo. Majina ya namna hii hayahitaji kibao. Hakuna aliyeyatangaza, na hakuna ajuaye nani alitangulia kuyatamka.

Kwa hiyo Freretown ni jina la waliokuwa ndani ya uzio, na Kengeleni ni jina la majirani na wapita njia. Siku hizi wapita njia ni wengi zaidi, wanapanda matatu kutoka mjini kuvuka daraja la Nyali, na jina lao ndilo linalopigiwa kelele kwenye steji. Hilo linamtisha mama mdogo, na ana haki ya kutishika. Kijana wa leo wa pale pale, ambaye hakuzaliwa katika familia za misheni, akisema Kengeleni hakosi kitu. Wa familia ya misheni akisema Kengeleni tu, amepoteza uzi.

Libaki Free Town, ambalo ndilo lililowasha moto.

Mjukuu hakulitunga. Nimelisikia kwa watu wengi, na sababu yake iko masikioni: Frere kwa Kiingereza hutamkwa kwa namna inayopishana kidogo tu na neno la Kiingereza lenye maana ya huru. Mtu asiyewahi kusikia habari za gavana wa Bombay, akisikia mji ulioanzishwa kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, atasikia "mji huru" hata kama hukumwambia. Tena si Mombasa peke yake penye makazi ya namna hii. Mji mkuu wa Sierra Leone, ulioanzishwa na walioachwa huru mnamo 1792, unaitwa Freetown hasa, na Libreville ya Gabon, iliyoanzishwa 1849, ina maana hiyo hiyo kwa Kifaransa. Jina la Frere liliangukia katikati ya mtindo uliokwisha zoeleka. Ajabu ingekuwa watu wasilibadili.

Wataalamu hulitazama jambo kama hili kama kosa la umma: jina geni halieleweki, kwa hiyo watu wanalipindisha mpaka lieleweke. Hata jina la kisiwa chetu lina mkasa huo. Mvita, husema wengi, ni mji wa vita, na historia inaunga mkono: Almeida, kamanda wa Wareno, aliuchoma 1505, Wareno wakarudi miaka ya 1520, Wazimba, wapiganaji kutoka bara, wakauvamia 1589. Lakini wenye mji wanasema Mvita ni mtu, Shehe Mvita, aliyetawala baada ya Mwana Mkisi, malkia wa kale katika masimulizi ya mji. Vita vilikuja kuelezea jina ambalo halikuvihitaji. Na bado ukimwambia Mmombasa kwamba Mvita haina vita ndani yake, atakutazama kama umemnyang'anya kitu.

Hoja ya mjomba, basi, haikuwa ya kipuuzi. Alikuwa anasema: jina lililompa heshima mkubwa wa Kiingereza, sisi tumelisikia kama heshima yetu, na hilo lina uzito wake. Nakubaliana naye zaidi ya alivyodhani. Ila nilikuwa na pingamizi mbili, na nikazituma kwa katibu kwa maandishi.

Ya kwanza ni ya ukweli wa mahali penyewe. Freretown haikuwa mji huru kwa maana tunayoifikiria sasa. Walioletwa walikuwa chini ya wasimamizi wa misheni, kwa kanuni, zamu na kengele. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi mmoja alituhumiwa kuwachapa watu viboko na kuwafunga, mpaka Waingereza wenyewe wakafanya uchunguzi na mtu huyo akaondoka. Walioishi pale walipata usalama, shule na jina. Uhuru kamili waliudai wenyewe, polepole. Ukiandika Free Town juu ya ukurasa, unayafunika hayo kwa neno moja zuri.

Ya pili ni ya kikaratasi, lakini ndiyo iliyowashawishi. Kijitabu cha mazishi ni hati. Vijukuu wake watakitoa sandukuni siku moja wakitaka kujua walikotoka. Kumbukumbu za CMS zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na humo mahali pale panaitwa Frere Town na Kisauni. Atakayetafuta kwa Free Town ataishia Sierra Leone, bahari nyingine kabisa. Familia ambazo zilikatwa na mizizi yao mara moja zina sababu ya kuwa makini wasijikate mara ya pili kwa tahajia.

Mwana wa kwanza aliuliza kwa nini basi wasiandike Kisauni tu, jina ambalo liko kwenye hati zote mbili, za zamani na za sasa, na ambalo angalau si la mzungu. Ni swali zuri, na wapo watu Mombasa wanaolisukuma kwa nguvu: turudishe majina ya asili, tufute ya wakoloni. Kwa barabara na uwanja sina neno. Kwa Freretown nasita. Kulifuta jina hili ili kumwadhibu Frere ni kuwaadhibu watu wa Freretown, maana Frere halitumii, wao wanalitumia. Kisauni ni jina la asili la ardhi. Freretown ni jina la asili la *jamii* iliyozaliwa juu ya ardhi ile. Ukoloni haukupangua kila kitu kwa mkato mmoja ulionyooka hata tuweze kuurudisha nyuma kwa mkato mmoja.

Nikiri kwamba maelezo yangu hayafungi kila mlango. Port Reitz, upande wa Changamwe, limepewa jina la Luteni Reitz, kijana aliyeachwa na Kapteni Owen wa manowari za Uingereza mnamo 1824 kuisimamia Mombasa, akafa kwa homa mwaka huo huo. Hakuacha jamii, hakuacha kengele, na jina limeshika hadi leo. Huko nadhani hospitali na shule zilizoitwa hivyo ndizo zilizolibeba. Mgonjwa hana budi kutaja anakopelekwa. Kuna majina yanayodumu kwa kupendwa na mengine yanayodumu kwa sababu yako kwenye cheti cha kliniki.

Nilichowashauri kilikuwa hiki. Kwenye wasifu waandike "alizaliwa Freretown, Kisauni", majina mawili kwa mpangilio huo, la jamii kwanza na la ardhi baadaye. Chini yake iingie sentensi ya mjomba, lakini kama maelezo, si kama jina: kwamba Freretown ni makazi yaliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kwamba wazee wa marehemu walikuwa miongoni mwao. Kwenye ukurasa wa maelekezo waandike bila aibu: shukia Kengeleni. Nyali iachwe kwa simu.

Walikubali yote isipokuwa moja. Mama mdogo alikataa maneno "waliokombolewa kutoka utumwani". Si kwamba alikuwa anaficha, alisema; babake alikuwa akilitaja waziwazi. Hakutaka tu neno "utumwa" liwe kwenye ukurasa wa kwanza, ambao utasomwa na wageni wasiojua, kabla hawajajua dadake alikuwa mkunga, alikuwa mwimbaji wa kwaya, alilea watoto saba. Sentensi ikahamishiwa ukurasa wa tatu. Nilidhani mjomba atapinga, lakini aliandika tu, "Dada, nimekusikia." Nadhani alikuwa sahihi kunyamaza. Watu wa Pwani wanajua vizuri jinsi neno hilo linavyotumika hadi leo kumnyima mtu mke, kiti barazani, au sauti katika mgogoro wa shamba, na mwenye kubeba mzigo ndiye mwenye haki ya kuchagua ukurasa wa kuutulia.

Kijitabu kilichapwa Ijumaa asubuhi. Wageni walishuka Kengeleni, wachache walipelekwa na programu ya teksi mpaka kwenye jumba la maduka Nyali wakarudi kwa tuktuk, na ibada ilianza kwa kuchelewa kwa kiasi cha kawaida.

Wiki kadhaa baadaye mjukuu aliniandikia yeye mwenyewe. Fundi wa jiwe la kaburi anauliza: ni neno moja au mawili? Tume ya uchaguzi huandika mawili, Frere Town, kama walivyoandika wamisionari. Nilimuuliza nyanya mdogo, yaani yule mama mdogo, huliandikaje. Mjukuu akaenda kutazama jalada la ndani la Biblia ya ubatizo ya nyanya huyo, ambako nyanya aliliandika kwa wino alipokuwa msichana: neno moja. Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Fundi anatoza kwa herufi, kwa hiyo bei ni ile ile.